Mama Mapalo

Siku za Jumamosi soko la Singida hujaa mpaka watu wanapitana kwa mabega. Jumamosi ile ya Julai, mwaka 1998, upepo nao ulikuwa umeamka vibaya, unarusha maganda ya vitunguu machoni mwa watu. Dorika Mughwai alikuwa katikati ya msongamano huo na kikapu cha shangazi yake mkononi, alipohisi joto likimteremka ubavuni chini ya blauzi. Alisimama pale pale. Alijua ni nini. Mfuko ulikuwa umebanduka.

Hakukimbia. Alikibana kikapu tumboni, akatazama huku na huku, akaona kibao cha duka la dawa baridi. Ndani wateja watano walikuwa wakisubiri. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, kalamu mbili mfukoni. Dorika aliwapita wateja wote.

"Kaka, nisaidie choo," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa hivi, tafadhali."

Yule mwanamume, aliyeitwa Antipasi, alimtazama usoni mara moja tu. Akachomoa ufunguo msumarini, akamwonyesha mlango wa nyuma.

Dorika alitoka baada ya karibu nusu saa. Alikuwa amenawa, na kitenge chake cha rangi ya chungwa amekifunga juu mpaka kifuani. Wateja walikuwa wamekwenda. Aliweka ufunguo mezani akangoja kuulizwa alikuwa na nini. Hakuulizwa.

"Nataka pamba," alisema. "Na plasta mkubwa."

"Plasta kubwa."

"Kubwa. Samahani. Kiswahili changu nilifundishwa na baba, naye alikuwa na haraka."

Antipasi alicheka. "Huyo baba ni wa wapi?"

"Hapa hapa, Mandewa. Mimi ndiye wa Kitwe, Zambia."

"Basi umerudi nyumbani kabla hujafika," alisema, akimfungia pamba kwenye gazeti. Dorika alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka.

Baba yake Dorika alikwenda kwenye migodi ya shaba akiwa kijana, akaoa huko, akazaa huko. Dorika alipokuwa na miaka ishirini na miwili, basi alilopanda lilipinduka njiani kutoka Ndola. Madaktari waliokoa maisha yake, lakini njia ya chini ya haja ilikuwa imeharibika moja kwa moja. Walivuta ncha ya utumbo wakaitoa nje upande wa kushoto wa tumbo, na wakamwambia itakaa hapo siku zote. Haja ilitoka hapo bila kumwomba ruhusa, ikaingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Nesi wa hospitali ya mgodi alimfundisha kuoga kwa maji ya uvuguvugu, kukausha vizuri, kukata tundu la mfuko lilingane na nyama ile nyekundu, na kuubandika bila mkunjo. Nesi huyo aliita sehemu ile *akanwa*, yaani mdomo kwa Kibemba. Mifuko ilitolewa bure kwa familia za wafanyakazi.

Kisha migodi ikaanza kuuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na baba yake akawa mmoja wao. Alifariki akiwa amefunga mizigo ya kurudi Tanzania. Mama alikuwa ametangulia zamani. Aliyebaki ni shangazi yake, Raheli, aliyeandika barua ya mistari miwili: uje, chumba kipo.

Nesi alimpa boksi moja la mifuko na barua ya kumpelekea daktari yeyote. Mpakani, afisa alipasua boksi, akauinua mfuko mmoja kwenye mwanga mbele ya foleni, akauliza ni biashara gani hiyo. Akampa mwenzake naye auguse. Dorika alisimama huku masikio yanawaka, akaapa moyoni kwamba katika nchi hii hakuna mtu atakayejua.

Daktari wa Singida aliyesoma ile barua alimjibu kwa upole. Mifuko ya namna hiyo hakuwa nayo. Wagonjwa wachache wa hali hiyo aliowaona walijifunga vitambaa na mifuko ya nailoni. Dorika alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alikuwa amefikiri nchi mpya ni lugha na chakula. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna nchi ambayo kitu anachokihitaji kila asubuhi hakina hata jina. Alipiga hesabu: akiosha kila mfuko na kuutumia mara tatu, angefika Septemba.

Ndiyo maana alirudi tena kwa Antipasi, na tena. Alinunua mafuta ya zinki ya kutuliza ngozi, nepi za kitambaa, na zile chupi za plastiki za watoto ambazo alizikata na kuzishonea lastiki. Shangazi Raheli alijua tu kwamba mpwa wake alipasuliwa zamani na anapenda kuoga chumbani.

Wakati huo alikuwa amepata kazi ya kupiga chapa barua za Kiingereza kwenye kiwanda kimoja kipya cha kukamua alizeti. Ofisini kulikuwa na simu, na Antipasi naye alikuwa na simu dukani. Kila siku saa nne asubuhi, mwenye kiwanda akitoka kukagua mashine, simu ya duka la dawa ililia.

"Naomba kuongea na daktari."

"Daktari hayupo. Yupo muuza Panadol."

"Basi mwambie muuza Panadol nimeota kanunua viatu vipya."

"Ndoto hiyo ina makosa. Ni wewe uliyenunuliwa. Njoo uvione."

Jumapili walitembea mpaka kwenye mawe ya ziwa Singidani. Dorika alivaa blauzi pana za mitumba na daima alibeba mkoba mdogo asioutenganisha na mwili. Alikula kuku bila kitunguu, kwa sababu kitunguu kilikuwa na harufu ya kumsaliti, na Antipasi akamwambia kwamba mtu wa Singida asiyekula kitunguu anaweza kurudishwa mpakani. Siku alipomshika kiuno, Dorika aliruka kama aliyeguswa na moto. Antipasi aliondoa mkono akaomba radhi. Alidhani ni malezi.

Aliyeanza kutilia shaka ni mama yake Antipasi, Mama Marietha, mjane aliyekuja kukaa dukani kila alasiri na nyuzi zake za kufuma. Aliona vitu anavyonunua yule msichana, akamwambia mwanawe kwamba pale pana mtoto mchanga. Kesho yake saa nne Antipasi hakutania.

"Dori, nikikuuliza kitu hutakasirika?"

"Uliza."

"Una mtoto?"

Dorika alitazama karatasi iliyokuwa kwenye mashine ya chapa. Antipasi aliendelea taratibu, akamtajia zinki, nepi na chupi za plastiki, na kwamba kwa shangazi yake mtoto haonekani.

"Yuko Kitwe," Dorika alisema. "Namtumia."

Alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Uongo ulikuwa umetoka bila hata kukwama kooni.

"Anaitwa nani?"

"Mapalo." Kwa Kibemba maana yake ni baraka. "Wa kike. Baba yake hayupo. Mtoto analelewa na bibi mmoja wa upande wa mama." Akafumba macho, akingoja simu ikatwe.

"Basi na aje," Antipasi alisema. "Mimi siwezi kukukimbia kwa sababu ya mtoto."

Dorika aliweka simu chini akalia mpaka mashine ya chapa ikalowa. Ndilo jibu alilokuwa akilitamani tangu siku ya kwanza, ila lilikuwa limejibu swali lingine.

Kuanzia hapo akawa Mama Mapalo. Antipasi alimwita hivyo kwenye simu, kwenye salamu, mbele za watu. Zinki na nepi hakuziuza tena, alimfungia tu: "Hii mpelekee binti yangu." Usiku huo huo binti huyo alikuwa Dorika, amekaa juu ya kitanda, anajipaka. Mama Marietha alifuma sweta la manjano. Antipasi akanunua viatu vya ngozi vidogo vinavyotosha kiganjani, na gauni mbili za kitoto, moja ina kola nyeupe. Alianza kuuliza Mapalo ana meno mangapi. Dorika alijibu, na kila jibu lilimfunga zaidi. Kila siku alisema kesho nitamwambia, na kesho ilipofika alimkuta Antipasi amefurahi zaidi ya jana.

Septemba ilipofika, mifuko miwili tu ilikuwa imebaki bila kutumika. Aliificha hiyo kwa ajili ya siku mbaya, akawa anajifunga nailoni na lastiki. Ngozi ikaanza kuungua. Ni wiki hiyo hiyo Antipasi alipompigia yeye, sauti imejaa furaha. Alikuwa amepata hati ya kusafiria na tiketi ya treni. Ijumaa anakwenda Kitwe kumchukua mtoto.

Dorika alifika dukani saa nane mchana, mlango umefungwa kwa ajili ya chakula. Antipasi alikuwa amevaa shati jipya la bluu. Begi la safari lilikuwa mezani, wazi, na viatu vile vidogo juu kabisa.

"Usiende," Dorika alisema. "Hakuna mtoto."

Antipasi alikaa juu ya stuli.

"Lini?"

"Lini nini?"

"Amefariki lini?"

Na kabla Dorika hajaelewa, yule mwanamume alikuwa amefunika uso kwa viganja na mabega yanatetemeka. Jambo hilo Dorika hakuwa amelifikiria. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Sasa alimtazama mtu akimlilia mtoto aliyemtunga kwenye simu.

"Hakufa, Anti," alisema, naye analia. "Hakuzaliwa. Mapalo hayupo popote. Niliogopa."

Antipasi aliinua uso taratibu. "Na nepi?"

"Ni zangu."

Hakuona njia nyingine ya kueleza. Alifungua kitenge, akainua blauzi, akatoa nepi na nailoni aliyojifunga. *Akanwa* ilikuwa pale, nyekundu, imelowa, na ngozi inayoizunguka ilikuwa imechubuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Utumbo ukajikunja kidogo, kama unavyofanya kila mara, wenyewe.

Antipasi alikuwa amegawa dawa miaka kumi na miwili, kwanza hospitalini kabla hajapunguzwa kazi, kisha dukani kwake. Hakuwahi kuona kitu kile. Alirudi nyuma hatua mbili, kiwiko chake kikapiga rafu, chupa za dawa ya kifua zikaanguka na kupasuka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuokota.

"Funika," alisema.

Dorika alifunika. Alitoka akikanyaga dawa iliyomwagika, na nyayo zake zikabaki sakafuni mpaka mlangoni.

Baadaye Antipasi alijaribu kusema kwamba aliogopa kidonda kisipate vumbi. Haikuwa kweli, naye mwenyewe alilikiri hilo. Siku ile alisikia kichefuchefu na hofu, na juu ya yote hayo alisikia uchungu wa kuporwa binti. Alifunga duka siku mbili. Treni ya Ijumaa iliondoka bila yeye. Siku ya tatu alimweleza mama yake kila kitu.

Mama Marietha aliweka nyuzi chini. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Kile kidonda, ulimpa dawa gani?"

"Sikumpa kitu."

"Mtu amekuonyesha kidonda, wewe unasoma madawa tangu ujana wako, ukamwambia afunike." Aliokota nyuzi zake akainuka. "Amedanganya, ndiyo. Lakini sasa naona kwa nini."

Usiku ule Antipasi hakulala. Asubuhi alipiga simu kiwandani. Dorika aliposikia sauti yake alikata. Alipiga tena, mwenye kiwanda akapokea na kumwomba asirudie. Basi akaanza kupiga kwingine. Alipiga Dodoma, akapiga Arusha, kila mahali alikokuwa na mtu aliyesoma naye. Wengi hawakujua anazungumzia nini. Mmoja alimpa namba ya mfanyabiashara wa Dar es Salaam ambaye, tangu milango ya biashara ifunguliwe, alikuwa akiagiza vifaa vya hospitali kutoka nje.

Siku ya tisa, Dorika alikusanya gauni na sweta la manjano alivyopewa ampelekee Mapalo, akavifunga kwenye kanga kuvirudisha. Alichagua saa ambayo duka hujaa, ili asilazimike kuzungumza. Watu saba walikuwa kwenye foleni. Antipasi alikuwa amewapa mgongo, amebana simu sikioni, kidole kwenye sikio la pili. Laini ilikuwa mbaya, na alikuwa anapaza sauti.

"Mifuko. Hapana, si ya damu. Ya kinyesi. Ya kubandika tumboni, mtu aliyetolewa utumbo nje. Ndiyo, tumboni. Mgonjwa? Mgonjwa ni mke wangu."

Antipasi aligeuka, akamwona Dorika amesimama mlangoni na furushi. Macho ya Antipasi yaliiambia foleni nzima mgonjwa ni nani. Watu saba wakamtazama Dorika usoni, kisha, mmoja mmoja, wakamtazama tumboni.

Mambo ya mpakani yalikuwa kivuli tu mbele ya haya. Hata hivyo Dorika alikwenda mpaka kwenye kaunta, akaweka furushi.

"Umenitangaza," alisema. "Sokoni, Jumamosi."

"Laini ilikuwa mbaya. Nisamehe."

"Na mke wako ni nani? Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimemwambia yule wa Dar kabla sijakuuliza wewe. Hilo nalo ni kosa." Antipasi alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Lakini kosa langu ni lile neno moja nililokuambia siku ile, Dorika. Nimelisikia kila siku tangu uondoke. Ningekuwa na namna ya kulimeza, ningelimeza."

Dorika alifungua mdomo kumjibu, na pengine jibu lingekuwa la kuondoka kwake daima. Lakini kwenye foleni mzee mmoja alivua kofia yake ya pama. Dorika alimwamkia bila kufikiri, kwa mazoea ya kwao. Mzee aliitikia marahaba, akajitambulisha kuwa ni Zefania, wa Ulemo, amekuja kuuza vitunguu.

"Binti, nisamehe kuuliza mbele za watu. Hiyo ya tumboni, unaishi nayo?"

"Miaka minne sasa, mzee."

"Na unafanya kazi? Unatembea? Unakula?"

"Vyote."

Mzee Zefania aligeuza kofia mikononi. "Mdogo wangu Philipo alipasuliwa hivyo mwezi wa pili. Sisi hatukuelezwa vizuri, au hatukuelewa. Tumemjengea kibanda nyuma ya nyumba. Chakula tunamsogezea mlangoni. Mke wake haingii, watoto hawaingii." Akaongeza: "Tulidhani anaoza."

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliinamisha uso. Dorika alimtazama yule mzee, na hasira aliyokuja nayo ikakosa pa kukaa. Miezi saba ndani ya kibanda. Yeye alikuwa amekasirika kwa sababu ya foleni.

"Nitakuja kumwona," alisema. "Kesho." Kisha akamgeukia Antipasi bila kumwita jina. "Tafuta gari. Na ulete zinki, na nepi za kitambaa, nyingi."

Jumapili waliazima pikapu. Wakashika njia ya kwenda Iramba, wilaya ya akina Mzee Zefania. Karibu na Ulemo, Antipasi alisema, macho barabarani, "Nilikuwa nimemzoea Mapalo."

"Hata mimi," Dorika alijibu.

Kibanda kilikuwa na mlango wa mabati. Harufu iliwapokea kabla hawajafungua. Ndani alikaa mwanamume wa miaka arobaini, amekonda, ndevu zimemjaa, tambara limefungwa tumboni kwa kamba ya katani. Alipowaona alijivuta ukutani na kuwaambia wasikaribie. Dorika aliinua blauzi yake kidogo, upande wa kushoto, akamwonyesha. Philipo alitazama kwa muda mrefu. Akaweka mkono mdomoni, kisha akaanza kulia bila sauti.

"Maji ya uvuguvugu," Dorika alimwambia Antipasi aliyekuwa mlangoni. "Beseni. Uingie na wewe."

Antipasi aliingia. Alipiga magoti juu ya udongo na suruali yake ya Jumapili, akafungua lile tambara kwa mkono wake. Kidonda cha Philipo kilikuwa kibaya kuliko kile alichokiona dukani. Dorika alimtazama usoni, hakubandua macho. Antipasi hakurudi nyuma. Aliosha, akakausha, akapaka zinki kwa kidole, akikosea na kusahihishwa: polepole, usisugue, acha hewa ipite kidogo, sasa funga. Kazi hiyo iliwachukua sehemu kubwa ya mchana. Philipo alinyolewa ndevu na kaka yake, akavishwa shati safi.

Kisha Dorika akamwomba mke wa Philipo aingie, akamwonyesha kila hatua, mara mbili. Mara ya kwanza mwanamke yule alitazama tu. Ya pili alifunga mwenyewe. Chakula kilipoiva, Mzee Zefania alimshika mdogo wake mkono akamtoa kwenye kibanda, wakavuka uwanja, wakakaa kwenye mkeka mmoja na watoto. Mtoto wa mwisho alisogea mpaka goti lake likagusa la baba yake, akaliacha hapo.

Dorika na Antipasi waliondoka jua likiwa bado juu. Kwenye pikapu Antipasi hakuwasha injini. Mikono yake ilinuka zinki na sabuni.

"Sitakuuliza leo," alisema. "Ulikuwa na kazi nzito."

"Yule wa Dar alisemaje?"

"Boksi moja linaweza kufika mwezi ujao. Atapiga Jumanne."

"Alikuuliza mke wako anaitwa nani?"

"Hakuuliza."

Dorika alitazama mbele, kwenye barabara ya vumbi. Kisha alichukua mkono wa Antipasi akauweka kiunoni mwake, upande wa kushoto, juu ya kitenge, na kuuacha hapo.

"Akipiga, mwambie anaitwa Dorika," alisema. "Na alete maboksi mawili. Ulemo kuna mtu mwingine."